Mchagua Jembe

Wahenga walilonga kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii nimewahi kuifafanua mara nyingi darasani, nikieleza kuwa inamkejeli mvivu anayetafuta kisingizio cha kukwepa kazi. Sikuitilia shaka hata siku moja, hadi likizo ya Desemba iliyopita, nilipojitwika jukumu la kupaka rangi chumba cha wazazi wangu mtaani Majengo, Mombasa.

Baba alikuwa fundi wa rangi kwa takriban miaka 40. Leo mikono yake hutetemeka, hata kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili. Kuta za chumba chake zilikuwa zimeingiwa na unyevu, rangi ikibambuka na chokaa kuukuu kudondoka kitandani. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo mbele yake, kwani kumleta fundi mwingine katika nyumba ya fundi ni kumtangazia kwamba siku zake zimekwisha. Nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe, wala sikumwuliza lolote. Nilijiambia kuwa nataka kumfurahisha kwa ghafla. Ukweli, ndugu msomaji, ni kwamba niliona haya: mwanafunzi wa uzamili kuuliza habari za brashi!

Dukani nilichukua vya bei ya chini kabisa: brashi ya inchi 4, rola, trei ya plastiki na debe la rangi ya maji la lita 4. Saa moja baadaye nilikuwa taabani. Nywele za brashi zilinyofoka zikaganda ukutani. Rola iliacha manyoya kila ilikopita. Isitoshe, rangi yenyewe ilibanduka pamoja na unga wa chokaa, maana sikuukwangua ukuta kwanza.

Nilipogeuka, Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mkongojo wake. Hakunicheka. Aliiomba ile brashi, akaikunja kiganjani, akaitazama.

"Mwanangu, nywele hizi ni za mnyama," akasema. "Hizi ni za rangi ya mafuta. Zikinywa maji hulegea kama mlenda."

Kesho yake tulikwenda dukani pamoja, polepole. Huko ndiko nilikoona maana ya kuchagua. Kila brashi aliikunja ili aone kama nywele zitarudi zilivyokuwa, kisha akazivuta kidogo. Zilizobaki vidoleni zilitosha kuihukumu. Alichagua moja ya nyuzi za plastiki, ya inchi 2, kwa ajili ya pembe na kingo. Kwa kuta pana alitaka rola ya inchi 9, akaniuliza ukuta wetu ukoje. Nilipobabaika, alinieleza kwamba ukuta laini hutaka rola yenye manyoya mafupi, na wenye mikwaruzo hutaka marefu ili rangi ifike mashimoni. Halikadhalika, alichukua chuma cha kukwangulia, brashi ya waya, msasa wa aina mbili, fila ya kuziba nyufa na utepe wa karatasi wa kukinga fremu za madirisha. Mpini wa kurefusha rola alikataa kuununua. Alisema kijiti cha ufagio kitafaa vilevile. Pesa nyingi zilikwenda kwenye brashi na rola. Kwenye trei hakuwa na shida: "Trei haigusi ukuta."

Tuliporejea, alinielekeza nianze kupiga msasa sehemu ya chini ya ukuta, iliyopakwa rangi ya mafuta zamani sana. Hapo nami nilikuwa na neno. Nilikuwa nimesoma kwamba rangi kuukuu za aina hiyo huweza kuwa na madini ya risasi, na kwamba vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Nikamwomba tuulowanishe ukuta kwanza, tutumie msasa wa maji, na wajukuu wasiingie humo.

Alinyamaza kitambo. "Miaka yote ile tulikuwa tukilila vumbi hilo," akasema. Sikupata la kumjibu. Alivuta kigoda chake hadi nje ya mlango, akaanza kunielekeza kutokea huko: dari kwanza, kuta zifuate, milango mwisho, utepe ung'olewe kabla rangi haijakauka kabisa, brashi ioshwe mpaka maji yatoke meupe.

Kazi ilituchukua siku 4. Siwezi kudai kuwa ilikuwa kamilifu. Karibu na dari pana mstari uliopinda, na Baba ameniarifu kwamba huutazama kila aamkapo.

Tangu hapo methali ile naifafanua kwa tahadhari. Yupo anayechagua jembe ili asilime, na huyo wahenga wamemsema ipasavyo. Yupo pia anayechagua kwa sababu ameshalima, na anajua ni jembe lipi litamvunjikia katikati ya shamba. Baba alichagua kwa ujuzi. Mimi nilikosa kuchagua kwa kujiona, nikauita ukosefu huo kubana matumizi. Sisi tunaoshinda maktabani tukipima maneno tungepaswa kuutambua ujuzi wa namna hiyo popote tunapoukuta, hata kwa mzee asiyeweza tena kuishika brashi. Laiti ningalimwuliza mapema, debe moja la rangi lingalisalimika. Na pengine mazungumzo yale kuhusu vumbi tungaliyafanya miaka mingi iliyopita.