Mtoto Hafundishwi Kutunza kwa Maneno Matupu

Huku Brussels, mtoto mdogo anajua rangi za mifuko ya taka kabla hajajua kuandika jina lake. Wa bluu ni wa chupa za plastiki na makopo, wa njano ni wa karatasi, wa rangi ya chungwa ni wa maganda na mabaki ya chakula, mweupe ni wa kilichosalia. Tangu tarehe 15 Mei 2023, kila nyumba inalazimika kutenga mabaki ya chakula. Shule nyingi nazo huwataka wazazi wamfungie mtoto chakula kwenye kisanduku, na maji kwenye chupa ya kujaza tena bombani.

Ndugu zetu wakisikia hayo husema Wazungu wanajua kulea kuliko sisi. Mimi sikubali. Mtoto wa kwetu Butembo, mashariki mwa Kongo, anayeshuka chemchemi na kupandisha mlima na bidoni kichwani hahitaji bango la kumkataza kumwaga maji. Nyumbani kwetu maji yaliyosuuza vyombo huosha sakafu, maganda ya ndizi huenda kwa mbuzi au shimoni mgombani, na makala, yaani makaa ya kupikia, yasiyokwisha huzimwa yapikie kesho. Beni, ambako familia zinazokimbia mauaji hupokelewa na jamaa, maji na makala yale yale hugawanywa kwa watu wengi zaidi, na watoto wanajifunza kupima. Mfuko ule wa chungwa unarudisha udongoni maganda ya watu wasio na mbuzi wala shamba. Na pamoja na rangi zake zote, nyumba ya Brussels hutupa vitu vingi mno kuliko nyumba ya Butembo.

Tulipokwama sisi ni kwenye plastiki. Wazee walitupa taka nyuma ya nyumba kwa sababu jani la mgomba huoza na kuwa mbolea. Sashe, yaani kifuko cha plastiki, ikaja, ikatupwa vile vile, nayo haiozi. Mvua huikokota mitaroni hadi mto Kimemi unaopita mjini Butembo. Amri ya serikali ya Kongo ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki, lakini sashe zingali sokoni. Mwalimu akimwambia mtoto asitupe sashe ovyo, mtoto ana haki ya kuuliza: niitupe wapi, basi?

Huku Brussels swali hilo lina jibu. Kila mfuko una siku yake ya kuchukuliwa, na mtoto analiona lori likipita. Anaamini alichofundishwa darasani kwa sababu watu wazima wametimiza sehemu yao barabarani.

Nasi tunaliweza hilo, tumeshalifanya. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipoua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika eneo letu, ndoo zenye robine ziliwekwa kwenye milango ya shule. Wakati watu wazima wengi walikuwa bado wanabishana kama ugonjwa upo, watoto walinawa kwanza, ndipo wakaingia darasani. Maneno na ndoo vilikuja pamoja. Ndivyo ilivyo pia kwa miti: tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala, ili msitu wa Virunga usikatwe. Mkulima aliambiwa aache msitu, akapewa na mche wa kupanda.

Basi tuanzie hapo. Kila shule ichimbe shimo la vinavyooza, litoe mbolea ya bustani ya wanafunzi, na itundike gunia la kukusanyia plastiki karibu na mlango. Komini ipange siku ya kulichukua na mahali pa kulipeleka, isiishie kuwaita watu kwenye salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Wenye maduka warudi kwenye vikapu na majani ambayo mama zetu hawajasahau kufungia. Sisi tulio nje, tunapotuma pesa za minerval, yaani karo ya shule, tuongeze za magunia na za kumlipa mwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, wa kuyabeba.

Mtoto tukishampa mahali pa kutupa, ndipo tutakuwa na haki ya kumkemea akitupa njiani.