Asubuhi ya Mume na Mke Juu ya Mto Nile

Nile Magharibi haina bahari, lakini ukingo wa mto wake ni pwani inayotosha. Mji wa Arua umeinuka mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mto unapopita Pakwach uko mita 620 hivi tu. Kwa hiyo msafiri atokaye Koboko, mji ulio karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, hufika kwanza Arua, hupita Nebbi, kisha huteremka bondeni. Hewa ya baridi humwacha njiani, na joto la mto humpokea.

Hapo Pakwach ndipo askari aliye likizoni na mkewe waweza kukodi mashua ndogo ya injini. Kutoka Ziwa Albert hadi Nimule mto hauna maporomoko. Ndiyo sababu hapo zamani meli za abiria ziliweza kwenda na kurudi. Mbele, mashariki ya Arua, iko Rhino Camp, ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipiga kambi mwaka 1910 akiwinda vifaru weupe.

Majira yapendezayo ni ya mvua, mawingu yanapokinga jua. Walakini mawingu yale yale yaletayo ubaridi ndiyo yaletayo dhoruba. Alfajiri maji hutulia kama kioo. Jua likiisha kupasha nchi kavu, hewa hupanda, mawingu hukusanyika, na alasiri upepo huvuma kwa ghafula. Mashua yenye ukingo mfupi hujaa maji upesi.

Wavuvi waliyajua hayo tangu kale. Wageni walifundishwa na maji yenyewe. Tarehe 14 Machi 1864 Mwingereza Samuel Baker na mwenzake Florence, ambaye alifunga naye ndoa Uingereza mwaka uliofuata, walifika Ziwa Albert. Walisafiri kwa mitumbwi siku 13, wakiambaa pwani ya mashariki hadi Magungo, mahali ambapo Nile itokayo Ziwa Victoria huingia. Wapiga makasia waliwatoroka, homa iliwashika, na upepo wa mchana uliwalazimisha kuanza safari mapema. Baker aligeuza shuka lake la sufu kuwa tanga, na kasia kuwa usukani. Florence, aliyekuwa amenusurika kifo njiani, hakubaki nyuma.

Wawili wa leo wana injini, lakini injini haiondoi hatari, pengine huificha. Kuteremka na mkondo ni kwepesi, na saa moja hupita bila kuhisiwa. Kurudi ni kushindana na maji, nako hutumia muda na petroli zaidi. Basi anayetumia nusu ya petroli yake kwenda hana ya kutosha kurudi.

Kabla ya kuondoka kila mmoja na avae koti la kujiokolea, hata ajuaye kuogelea. Kasia mbili ziwemo, na mtu aliye nchi kavu aambiwe saa ya kurejea. Mmoja akishika usukani, mwingine atazame mbele: penye mafunjo mazito huenda pana viboko, na kiboko aliyeshtuliwa hupindua mashua. Gugu maji likijizungusha kwenye rafadha, injini izimwe kwanza ndipo mkono uingie majini.

Jambo gumu kuliko yote ni kugeuza mashua asubuhi ingali njema. Mume huona haya kuonekana mwoga mbele ya mkewe, na mke huona haya kumkatisha mumewe furaha. Haya hiyo imezamisha wengi. Na wakubaliane wangali nchi kavu kwamba yeyote kati yao akisema turudi, mashua itageuzwa bila mabishano. Watoto waliobaki nyumbani Koboko hawangoji habari za umbali uliofikiwa. Wanawangoja wazazi wao wote wawili.