NIKATWE AU NISIKATWE?

Mtaani kwetu Tandika jina langu halisi wanalijua watu wachache. Wengine wote, kuanzia muuza mihogo mpaka mjumbe, wananiita Bonge. Sikasiriki. Nimeitwa hivyo tangu darasa la pili, enzi za mchakamchaka, mwalimu wa zamu alipokuwa akinisubiri mwisho wa mstari na fimbo yake: "Haya Bonge, tunakungoja wewe tu shule ianze." Jina la miaka kumi na saba unalizoea, kama mtu anavyozoea nyumba inayovuja.

Nina miaka ishirini na mitano. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kusahau, nikapata kazi kwenye duka la steshenari. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi za watu wenye vyeti vizuri kuliko changu. Usiku naandika riwaya kwenye kauntabuku. Urefu wangu ni mita 1.70. Uzito, nilipopimwa mwaka huu, kilo 131. Nimeziandika namba hizi makusudi, ndugu msomaji, maana mambo haya huwa tunayazungumza kwa kuzungukazunguka, na mimi nimechoka kuzunguka.

Swali lenyewe ni hili: nikatwe tumbo au nisikatwe?

Aliyelianzisha ni mjomba. Mjomba anauza vipuri vya magari Kariakoo, na ni mtu wa kusema lake palepale. Siku moja kulikuwa na msiba kwa jirani, akalala kwetu, chumba kimoja na mimi. Asubuhi alikataa hata chai. Akanitazama, akasema:

"Mjomba, wewe usiku unakufa."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unakoroma kama jenereta, halafu kimya. Kimya kabisa. Mara unashtuka kama mtu aliyeibuliwa majini. Mimi sijalala, nilikuwa nakuchunga."

Wiki iliyofuata akanipeleka kwa daktari kwa pesa yake. Nikapimwa presha, ikawa juu. Nikapimwa sukari, nayo ikawa juu, na si ya kusema ni ile soda niliyokunywa asubuhi. Kule kukatika pumzi usingizini nako kukaandikwa kwenye faili. Kisha daktari akachukua kikokotoo: kilo gawanya kwa urefu mara urefu. 131 gawanya kwa 2.89. Jibu 45 na ushee.

Hesabu hiyo baadaye niliisoma. Aliyeibuni ni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, kwenye miaka ya 1830, na wala hakuwa daktari, alikuwa mtu wa hesabu na nyota. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka mpaka: upasuaji wa kupunguza uzito ni kwa mwenye 40 kwenda juu, au 35 kama tayari ana ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huo vikashusha mpaka, vikasema 35 inatosha hata bila ugonjwa. Kwa vyovyote vile, mimi nilishavuka mpaka zamani, bila pasipoti.

Daktari akanichorea kwenye karatasi. Upasuaji anaoufikiria kwangu hupitia matundu madogo tumboni, si kupasuliwa kama gunia. Mfuko wa chakula hukatwa, zaidi ya robo tatu yake huondolewa, hubaki kimfereji chembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, wanaiita ghrelini. Kwa hiyo mtu hashibi haraka tu, hata ile njaa yenyewe hupungua.

"Na kilichokatwa kinarudishwa?" nikauliza.

"Hakirudishwi, kijana. Ndiyo maana sikwambii ujibu leo."

Nikampenda kwa jibu hilo.

Sasa njoo nyumbani. Nilimwambia mama usiku, baada ya kula. Mama ana miaka hamsini na kitu, anauza vitumbua asubuhi, hapigi kelele ovyo. Siku hiyo alipiga.

"Mtoto wangu akatwe tumbo akiwa mzima? Akonde? Watu waseme nini?"

Kwa wasioelewa, nifafanue. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike. Mimi sikumkuta, ninamjua kwa picha moja ya studio, amesimama mbele ya pazia lenye mnazi, mashavu yamejaa. Alifariki mwaka 1998. Mama ndiye aliyemuuguza. Ni miaka ile ambayo mtu akipungua tu, mtaa mzima unanong'ona: ana ngoma, kaukwaa. Watu waliacha kuja. Vikombe vyake vikatengwa. Dawa za kufubaza virusi zilikuja kutolewa bure nchini kwetu mwaka 2004, yeye ana miaka sita kaburini. Tangu hapo, kwa mama, mtu kupungua ni habari mbaya. Alipotulea, alitulea kwa sahani iliyojaa. Nikibakiza wali alikuwa ananigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Lakini nyumba yetu ina kaburi jingine. Baba alikuwa karani wa ghala, ana kitambi cha kuheshimika, watu wanamwita Mheshimiwa ingawa hata ujumbe wa mtaa hakuwahi kuugombea. Sukari ilimpata akiwa na miaka arobaini. Alisema ni sukari kidogo, itaondoka. Ikaanza na kidonda cha kidole, kikaenda kidole, ukaenda mguu, akaenda mwenyewe mwaka 2017. Alituachia kiwanja kimoja Chanika, hakijajengwa.

Kwa hiyo mama ana dada aliyemzika kwa kukonda na mume aliyemzika kwa kunenepa. Nami nipo katikati na kilo zangu 131, natakiwa nichague.

Marafiki ndio usiseme. Mmoja akasema, "Mwana, wewe fanya mazoezi tu, acha chipsi, uvivu huo." Nimefanya. Mwaka juzi nilikimbia alfajiri miezi mitano, nikala matango mpaka nikachukia rangi ya kijani, nikatoa kilo kumi na mbili. Zikarudi kumi na tano. Mwingine akaniambia habari za puto. Ni kweli, hapa Dar es Salaam hospitali ya Mloganzila huweka puto tumboni bila kupasua, linapitishwa mdomoni, linajazwa maji, mtu anashiba upesi. Lakini puto halikai milele, lazima litolewe, na likishatoka unabaki na tumbo lako lilelile na tabia zako. Mwingine akaja na sindano za semaglutide, zile ambazo Marekani waliziidhinisha kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Zinasaidia kweli. Ila ni sindano kila wiki, na waliofuatiliwa baada ya kuacha wengi walirudisha sehemu kubwa ya kilo walizopoteza. Mshahara wangu wa steshenari haujui kitu kinachoitwa kila wiki.

Nikaamua kusoma mwenyewe, usiku, badala ya kuandika riwaya. Nikakuta utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987, watu kama 4,000, nusu walifanyiwa upasuaji, nusu walipata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao. Nikakuta pia kwamba sukari ikiwa bado changa, upasuaji una nafasi kubwa zaidi ya kuituliza kuliko ikishakomaa. Hapo nilimkumbuka baba na sukari yake kidogo.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Pale palipoungwa panaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda miguuni na kusafiri mpaka kwenye mapafu. Wapo wanaofariki, si wengi, ila wapo. Wiki za kwanza ni vimiminika tu, halafu vyakula vya kupondwa kama mtoto, ndipo polepole urudi kwenye vigumu. Vitamini unameza maisha yako yote, na kwa mtu wa miaka ishirini na mitano "yote" inaweza kuwa miaka hamsini. Nywele hunyonyoka kwa muda. Ngozi hubaki imening'inia. Dada zangu mnaosoma hapa, mnashauriwa msibebe mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Na baada ya yote hayo, asiyebadili ulaji anaweza kunenepa tena, maana hata ule mfereji hutanuka.

Daktari alinipa kazi ya nyumbani: niandike kila ninachokula kwa mwezi mmoja, bila kudanganya. Nikasema hilo ni dogo, mimi si mwandishi? Ndugu zangu, sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. Mchana nilikuwa mtu wa heshima: ugali, mchicha, dagaa. Lakini kuanzia saa nne usiku, nikifungua riwaya, mambo yanageuka. Chapati mbili. Karanga. Soda. Vitumbua vilivyobaki. Chipsi mayai ya saa sita kwa kijana wa kona. Mstari ukigoma, nakula. Mstari ukitoka vizuri, nakula kwa furaha.

Nikagundua na lingine, hili la waandishi wenzangu. Nilirudia miswada yangu yote mitatu. Mashujaa wangu wote ni wembamba. Wanaruka ukuta, wanapendwa na msichana mrembo. Wanene nao wamo: tajiri mla rushwa, askari mvivu, mama wa kambo. Mimi Bonge, kwa mkono wangu mwenyewe, sikuwahi kumpa mnene hata mmoja nafasi ya kupendwa. Nikajiuliza, je, nataka kukatwa kwa sababu ya sukari na presha, au nataka kukatwa ili niingie kwenye riwaya yangu? Usiku ule sikula kitu. Sikuweza.

Mama aliliona lile daftari la chakula. Nilirudi kazini nikamkuta amekaa mkekani, amelifungua, miwani puani.

"Vitumbua sita," akasema. "Kumbe ndiyo maana hesabu yangu ilikuwa haitimii."

Tukacheka wote. Kisha akanyamaza. Nikaona bora niseme. Nikamwambia kile alichokisema mjomba, kwamba usiku pumzi inakatika.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Kitanda changu kipo ukuta wa pili, baba. Nasikia. Ukinyamaza nahesabu. Moja, mbili, tatu. Siku moja nilifika ishirini na nane nikainuka nije kukuamsha, ukavuta. Nikarudi. Huu mwaka wa tatu."

Sikuwa na la kujibu. Mwanamke anaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, na usiku anakesha akihesabu pumzi za mtu mzima mwenye ndevu.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningesema nini? Nilihesabu hivyohivyo kwa mdogo wangu. Niliona nikisema, itakuwa kweli."

Tuna methali kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Siku zote nilidhani inamhusu mgonjwa peke yake. Kumbe hata anayemuuguza huficha.

Tuliongea mpaka usiku sana. Kuhusu pesa, mjomba atatoa nusu. Nusu nyingine ni kiwanja cha Chanika. Nilimwambia kiwanja ni ada ya mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tano na ana akili kuliko mimi. Mama akasema mdogo wangu naye aulizwe. Alipoulizwa alijibu kwa mkato: "Kaka akifa, hicho kiwanja nitakikalia peke yangu?" Bado tunatafuta njia ya kutokiuza chote. Pengine nusu. Mjomba anazungumza na mnunuzi.

Mtaniuliza basi, kijana akatwe au asikatwe? Nawajibu nionavyo mimi, si daktari. Kama ni kwa ajili ya gauni la harusi, au ili konda wa daladala aache kukudai nauli ya siti mbili, usikatwe. Konda atatafuta lingine. Kama hujajaribu njia nyingine kwa kweli, usianzie kwenye kisu. Na kama hujawa tayari kumeza vitamini mpaka uzeeni na kurudi kliniki kila ukiitwa, kaa kwanza. Lakini kama maradhi yameshabisha hodi, umeshajaribu, na umeelewa kwamba kilichokatwa hakirudi, usiache kwa sababu watu watasema umekonda. Na usiambiwe "bado kijana, subiri." Baba naye aliambiwa hivyo.

Mimi nimeamua nikatwe. Siku imeshapangwa. Kabla ya hapo natakiwa nipunguze kidogo, na mpaka sasa nimetoa kilo sita. Daftari linasaidia, na vitumbua mama siku hizi anavihesabu mbele yangu. Naogopa. Usiku mwingine naogopa sana, naamka na kusikiliza kama na mama yuko macho upande wa pili wa ukuta.

Amesema atakwenda na mimi hospitali. Ana sharti moja: nikianza kupungua, tuzunguke mtaani pamoja, yeye na mimi, nyumba kwa nyumba, akiwaeleza watu kwa mdomo wake nimefanyiwa nini. Hataki mtu anong'one safari hii.

Nimekubali. Na kwenye riwaya ya nne, nimeshaanza sura ya kwanza, shujaa ana kilo 131. Bado sijajua ataruka vipi ule ukuta.