Liemba na Mikono Yenye Grisi

Safari yangu ya Ziwa Tanganyika ilianzia Kigoma, mwisho wa reli, Jumatano saa kumi jioni. Gatini palikuwa na magunia, vitanda, majogoo miguu imefungwa, na watu wa kila lafudhi ya mwambao ule. Kabla ya kupanda meli ya Liemba nilipapasa ubavu wake, nikahisi vichwa vya misumari ya chuma vinavyoshika bati kwa bati.

Misumari ile ina masimulizi. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, kiliiunda meli hii, kikaifungua vipande vipande na kuipakia katika makasha 5,000. Makasha yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakasafiri kwa reli hadi Kigoma, na hapo mafundi wakaiunganisha tena. Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Goetzen, ikawa meli ya vita.

Julai 1916, maadui walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nzito. Amri ilikuwa kuzamisha. Wao wakazamisha kama mtu anayeficha mbegu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Ikakarabatiwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la upande wa kusini wa ziwa. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zikapisha za dizeli, na meli ikaendelea.

Usiku wa manane tulifika Lagosa. Honi ikalia, na gizani taa ndogo zikaanza kutujia: mitumbwi. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa, mikono ikanyooshwa.

"Mama, nipe mtoto kwanza!"

"Mpokee, kaka. Mshike vizuri, amelala."

Mtoto akapita mikononi mwa watu watatu bila kuamka. Nyuma yake yakafuata magunia ya dagaa, harufu yake ikajaa deki nzima.

Kulipopambazuka, Milima ya Mahale, makao ya sokwe, ilikuwa imesimama kando yetu, misitu imeshuka hadi kwenye mchanga mweupe. Maji yalikuwa maangavu karibu na ufukwe, na meusi kabisa kule ndani. Hili ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, na nchi nne zinakunywa humo. Liemba inazijua zote. Mwaka 1997 iliwarudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mei 2015 ikawachukua Warundi waliokwama ufukweni Kagunga, watu 600 kwa safari moja, ikawaleta Kigoma.

Nimeona vyombo vipya zaidi na vyenye kasi zaidi. Sijaona kingine kilichopendwa na mafundi wa zama tatu namna hii, wala ziwa linalostahili zaidi upendo huo.

Kule Kasanga, nikiwa nashuka na begi langu, fundi kijana alitoka chumba cha injini kupunga upepo. Alinisalimu kwa kuninyooshea kifundo cha mkono, maana viganja vyake vilikuwa vimejaa grisi.