Mvua Iliyo Ndani ya Ungo

Redio haina macho. Msikilizaji aketiye nyumbani kwake Ilala au Magomeni haoni mlango ukifunguliwa, wala haoni mvua. Yote huyapokea kwa sikio. Utangazaji ulianza mjini Dar es Salaam mwaka 1951, kituo kikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori. Watu wengi walimfuata Mkwaju safarini, lakini hapana aliyemwona redioni hata mara moja.

Mchezo wa namna hiyo ukikosa sauti za vitu, huwa ni watu wanaozungumza gizani tu. Ndiyo sababu hutakiwa mtu asiyesema neno, ambaye kazi yake ni kuzitengeneza sauti hizo kwa mikono. Naye hana haja ya kwenda mbali. Vyombo vyake karibu vyote huuzwa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918.

Tazama jinsi afanyavyo mvua. Asiyejua hudhani kwamba inatosha kutoa maikrofoni nje wakati wa masika. Na ajaribu! Atakachosikia baadaye ni kama vitunguu vikikaangwa. Sikio likiwa peke yake hudanganyika upesi. Basi fundi hununua ungo na kibaba cha choroko, akauinamisha ungo polepole, punje zikateremka. Mvua ni matone mengi mno, yaangukayo bila mpango wowote. Na punje nazo ni vivyo hivyo. Choroko hufanya manyunyu. Maharage machache, yakidondoshwa juu ya kipande cha bati, ni yale matone makubwa yanayotangulia dhoruba. Tena akiuzungusha ungo taratibu, mvua hugeuka kuwa mawimbi yakivunjika ufukoni. Watu wa pwani hawastaajabu, maana kayamba lao, lenye mbegu ndani ya matete, hutoa sauti kama hiyo ngomani.

Ngurumo hutoka katika bati jembamba likitikiswa (kingo zake hukata, lishikwe kwa kitambaa). Majani makavu ya mgomba, yakifinywa karibu na maikrofoni, ni moto. Vifuu viwili vya nazi ni kwato za punda: juu ya mchanga yuko njiani, juu ya saruji amefika mjini.

Huko Marekani, Jack Foley alianza kazi ya namna hii katika sinema mwaka 1929, akitembea kwa niaba ya waigizaji huku akiitazama picha. Hata leo kazi yenyewe huitwa kwa jina lake. Siku hizi kompyuta huhifadhi sauti nyingi mno, lakini ngurumo ile ile ikirudiwa mara tatu, hata mtoto huitambua.

Lililo gumu zaidi ni wakati. Mwigizaji akiuliza, “Nani anabisha?” kabla mlango haujabishwa, msikilizaji hucheka, na hofu yote ya kisa huondoka. Kwa hiyo fundi husimama karibu na waigizaji, karatasi ya mchezo mbele yake, ungo mkononi, na viatu amevivua.