Kaaka, Jirani Yetu wa Nyuma ya Masomo

Katika gazeti letu hili wengi huandika juu ya mpira na mitihani. Sisi tunataka kuandika juu ya mama mzee mmoja aliyekaa nyuma ya masomo yetu hapa Boga. Jina lake hatutalitaja. Tulimwita Kaaka, yaani nyanya, sawa Wahema wanavyoita.

Urafiki wetu ulianza vibaya. Katika mwaka wetu wa kwanza, njaa ya saa nane ilitupeleka kwenye mipera yake. Tulivunja lupango, tukapanda, tukajaza mifuko. Akatukuta tungali juu ya mti. Tulijua majina yetu yatafika kwa Bwana Prefe jioni ile ile. Lakini yeye akasema tu: "Batoto, mushuke polepole, tawi ile inaoza." Tuliposhuka akatuuliza: "Kitu ya kuomba, munaiba juu ya nini?" Hatukuwa na jibu. Akatuagiza turudi siku ya posho kutengeneza lupango.

Tukarudi na miti na kamba. Tulipofika pale tulipovunja, akatuzuia: "Hapo muache wazi. Itakuwa mulango yenu."

Toka siku ile tulipita pale. Tulimchotea maji, tukampasulia kuni, naye akatupa mihogo ya kuchemsha na masimulizi. Mama yake alikuwa msichana wakati Kanon Apolo Kivebulaya alipokufa hapa Boga, tarehe 30 Mei 1933. Sisi habari hizo tulizisoma: kwamba Apolo, mtu wa Buganda, alifika hapa mwaka 1896, akapigwa, akafungwa, na baadaye akarudi tena kwa watu wale wale. Kaaka alizipata kwa kinywa cha mama yake. Alitusimulia namna mzee alivyoagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori, kinyume cha desturi. "Kazi yake ilikuwa ingali kule," alisema, akionyesha kwa kidole. Kaburi lile tulikuwa tunalipita kila siku bila kufikiri.

Halafu ukaja usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021. Siku iliyotangulia ilikuwa Jumapili, tena ni siku ya kumkumbuka Apolo. Watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50.

Wasomaji, hapa ndipo panatuuma. Sisi tuliolala bwenini tulikimbia. Mlango wetu katika lupango ulikuwa hatua chache tu, lakini hatukupita pale. Hata mmoja wetu hakuita, "Kaaka!" Kila mmoja alidhani mwenzake amepita kwake.

Jirani wengine walimbeba mgongoni. Miezi kadhaa baadaye tulisikia yuko Bunia kwa jamaa yake, tukaenda watu watatu. Njiani tulitayarisha maneno ya kuomba msamaha. Alipotuona akatutangulia: "Mulisha kula?"

Tulisema maneno yetu yote, tukilia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwaka 1964, wakati ya Masimba, mimi pia nilikimbia. Jirani yangu, mama muzee, alibaki ndani ya nyumba. Nilisema, bengine batamubeba. Hakuna mutu alimubeba. Miaka hii yote nilitafuta mutu wa kuomba musamaha, sikumupata. Ninyi munanipata. Basi, mukule."

Tukala. Hatujapata kula chakula kigumu namna ile kumeza, wala kitamu namna ile.

Alikufa kule kule Bunia mwaka uliofuata, Boga hakuiona tena. Sisi tuliporudi, majani yalikuwa yamefunika mlango wetu hata hatukuujua. Tulifyeka siku nzima. Lupango tumeitengeneza pande zote, ila pale tumeacha wazi, sawa alivyotuagiza.

Sasa tunakaribia kumaliza masomo, na kazi hii tunawaachia ninyi wadogo zetu. Mipera ingali inazaa, na mjukuu wake anakaa pale na watoto. Msivunje kitu, muombe tu, mtapewa. Lakini si mapera tunayowausia. Mfano wa Msamaria tumefundishwa sote, na sisi tuliujibu vizuri katika mtihani. Jibu lile halikutusaidia usiku ule. Karibu na bweni lenu kuna wazee wengine wanaokaa peke yao. Mwende kwao mchana, siku za amani, mkachote maji na kukaa kidogo. Mjue nyumba zao mapema, ili usiku ukija miguu yenu ijue njia.

Sisi kaka na dada zenu,
wa kilasi ya mwisho.