Mtu wa Basel

Kwa watu wa Ifakara, Basel ulikuwa mji wa malaria kabla haujawa mji wa tenisi. Miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy na Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, yenye makao Basel, walianzisha maabara hapa kwetu, na tangu hapo watafiti wa huko hawajakauka mitaani. Kwa hiyo Julai 2003, redio iliposema kijana wa Basel ametwaa ubingwa wa Wimbledon, sikuuliza ni wapi. Nilimpokea Roger Federer kama jirani.

Ushabiki wa siku zile ulikuwa wa matokeo matupu. Mtangazaji alimaliza Simba na Yanga, akapita ligi za Ulaya, kisha kwa pumzi moja: 7-6, 6-2, 7-6, dhidi ya Mark Philippoussis. Basi. Kwa namba hizo nilibishana wiki nzima na mwalimu mwenzangu aliyempenda Andy Roddick, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwona hata mmoja wao akishika raketi.

Picha zilinifikia kupitia baa moja iliyofunga dishi kwa ajili ya mashindano ya Ulaya ya 2008. Mpira wa miguu ulipokwisha, dishi likabaki, nami nikabaki nalo. Fainali ya Wimbledon ya Federer na Rafael Nadal ilipaswa kuanza saa kumi jioni kwa saa zetu; mvua ya London ikaikatiza mara kwa mara, ikamalizika saa tano usiku ikiwa imepita, Nadal akishinda 9-7 seti ya tano. Wateja walikuwa wameshaondoka. Mama mwenye baa alikuja mezani, akaniuliza, “Mwalimu, hawa wanalipwa kwa saa?”

Usiku ule ndipo nilipoona jambo ambalo redio isingeweza kunieleza: wote wawili walikaa nyuma ya kiwanja. Nilikuwa nimesoma kwamba nyasi za Wimbledon ni za kuanzisha mpira na kuukimbilia wavu, kama alivyofanya Pete Sampras, na kama Federer mwenyewe alivyofanya alipomtoa Sampras huyo mwaka 2001. Lakini mwaka uleule wa 2001 Wimbledon wenyewe walibadilisha mbegu ya nyasi, wakapanda aina moja tu iliyo imara zaidi, na mpira ukaanza kudunda juu vizuri. Nani hapa Ifakara asiyejua mbegu mpya inavyoligeuza shamba? Wachambuzi walisifu mapafu ya wachezaji. Mimi nilisifu nyasi, na hadi leo nasema nusu ya sifa za kizazi kile ni za watunza bustani.

Baadaye nikahamia kibanda umiza, ambako tenisi iliruhusiwa pale tu soka lilipolala. Julai 15, 2018 vikagongana: fainali ya Wimbledon ya Novak Djokovic na Kevin Anderson, halafu fainali ya Kombe la Dunia saa kumi na mbili. Seti ya tatu haijaisha, kijana wa kibanda akashika rimoti. “Mwalimu, mwambie Mserbia wako amalize, watu wamelipia Ufaransa.” Mserbia hakuwa wangu hata kidogo, lakini kwa dakika zile nilimtetea kama ndugu.

Mwaka uliofuata nilikuwa na king'amuzi nyumbani, na afadhali nisingekuwa nacho. Fainali ya Wimbledon tena: Federer, karibu miaka 38, anaongoza 8-7 seti ya tano, 40-15, pointi mbili za ubingwa mkononi. Djokovic akazifuta zote mbili, akashinda 13-12. Hesabu ya mwisho: Federer pointi 218, Djokovic 204. Ndiyo, sheria ni sheria, seti zote tatu zilizokwenda taibreka alipoteza. Na Djokovic ana mataji makubwa 24 kwa 20, siwezi kubishana na hesabu hiyo. Nabishana na wanaodhani hesabu imemaliza mazungumzo.

Kinachonisumbua zaidi ni bekihendi ya mkono mmoja. Februari 2024 Stefanos Tsitsipas alipotoka kumi bora, kwa mara ya kwanza tangu orodha ianze mwaka 1973 hapakuwa na hata mmoja humo anayeipiga. Federer alikuwa amestaafu mwaka 2022, na siku ile ilionekana kama pigo lake limemfuata.

Sasa tenisi iko kwenye simu ya mpwa wangu, ikikatwakatwa vipande vya nusu dakika. Fainali ya Paris ya 2025, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner, ilichukua saa tano na dakika 29; yeye aliimaliza akingoja bodaboda. Yeye ni wa Sinner, mimi nimemchagua Alcaraz kwa sababu anathubutu kuudondosha mpira karibu na wavu hata anapozidiwa.

“Anko, hiyo ni mbwembwe tu,” ananiambia.

Nimemwambia alete bando la kutosha, tuiangalie ile ya Paris yote, kuanzia pointi ya kwanza. Ameniuliza kama kutakuwa na chakula.